Nitoe akiba yangu ya 401(k) niiweke benki?

Swali (Mtanga wa Houston)

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 52, sina mume, na mshahara wangu ni takriban dola 48,000 kwa mwaka. Kwa mwajiri niliyeachana naye mwaka jana nimebakiza akaunti ya 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayowekwa kupitia mwajiri, yenye dola 60,000, zote zikiwa kwenye mifuko ya hisa. Kila soko linapoyumba ninakosa usingizi. Ninafikiria kuzitoa zote na kuziweka benki, ambako bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani, hulinda amana hadi dola 250,000. Je, nitakatwa kiasi gani?

Jibu (Mhasibu)

Utakatwa nyingi, dada. Fedha zilizowekwa kabla ya kulipiwa kodi, zikitolewa kabla mwenyewe hajafikisha miaka 59 na nusu, hutozwa adhabu ya asilimia 10, yaani dola 6,000 kwa upande wako. Kisha kiasi chote huongezwa juu ya mshahara wa mwaka huo, na sehemu kubwa itaangukia kwenye daraja la kodi la asilimia 22. Kwa hesabu yangu ya haraka, zaidi ya dola 17,000 zitakwenda. Asilimia 20 itakayozuiwa kwa ajili ya kodi kabla hujapokea hundi ni malipo ya awali tu, na wengi hushtuka wanapodaiwa salio wakati wa kujaza fomu za kodi. Angalau Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo.

Wapo wanaosamehewa adhabu hiyo kwa kuwa waliacha kazi katika mwaka waliotimiza miaka 55 au baadaye, lakini wewe uliondoka mapema.

Jibu (Mzee wa Minneapolis)

Binti yangu, kinachokunyima usingizi ni hisa, wala si akaunti. Unaweza kuziuza hisa humo humo ndani ya 401(k) na kununua mfuko wa hati fungani za muda mfupi za serikali, au mfuko mwingine tulivu wanaoutoa, bila kulipa kodi hata senti moja. Wasipokuwa nao, hamishia fedha kwenye IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni unayofungua mwenyewe, moja kwa moja kutoka taasisi hadi taasisi. Hundi ikiandikwa kwa jina lako watazuia ile asilimia 20, nawe utakuwa na siku 60 tu za kurudisha kiasi chote.

Hata hivyo usiziuze hisa zote. Mimi niliziuza zote mapema mwaka 2009, wiki chache kabla soko halijagusa chini mwezi Machi, na niliporudi kwenye hisa mwaka 2014 faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500 ilikuwa imekwisha kupita kilele chake cha 2007. Fedha taslimu nazo huliwa na mfumuko wa bei: Juni 2022 bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 katika mwaka mmoja.

Mtanga wa Houston

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nikiri kwamba sina akiba yoyote ya dharura, na nadhani hofu yangu inaanzia hapo.

Mhasibu

Basi ijenge kutoka kwenye mshahara. Katika kazi mpya changia kwenye 401(k) kiasi kinachotosha kupata nyongeza kamili ambayo mwajiri huweka juu ya mchango wako, na kinachozidi hapo kiende benki mpaka utimize matumizi ya miezi mitatu hadi sita.