Kindle, Kobo au tableti kwa riwaya, PDF na miswada ya kale? (Lamu)

Msomaji wa Langoni

Assalamu alaikum. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili hapa kisiwani, na akiba niliyo nayo inatosha kifaa kimoja tu. Usomaji wangu ni wa aina tatu: riwaya na diwani katika muundo wa EPUB, makala za kitaaluma na miongozo ya walimu, ambazo karibu zote ni PDF za ukubwa wa A4, na picha za miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, hasa ile ya Msikiti wa Riyadha iliyopigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa Endangered Archives wa British Library. Husoma ndani ya boti nikielekea Pate, mara nyingi juani, na usiku baada ya Isha. Nimelinganisha vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, yaani Kindle Paperwhite na Kobo Clara, pamoja na tableti za Samsung, na kila muuzaji anadai kwamba chake kinafaa kwa yote, jambo ambalo siliamini. Nianzie wapi?

Mtunza miswada, Mkomani

Waalaikum salaam, Mwalimu. Anza na kurasa zako kabla ya kufikiria chapa ya kifaa. EPUB ni matini yanayojipanga upya kulingana na skrini, kwa hiyo ukikuza herufi mistari hujigawa upya na husumbuki. PDF ni ukurasa uliokwisha kufungwa: A4 ina takriban inchi 14.3 kutoka pembe hadi pembe, na ukiuingiza wote katika skrini ya inchi 6, herufi hupungua hadi kama asilimia 40 ya ukubwa wake. Hakuna jicho litakalostahimili hali hiyo kwa makala nzima yenye tanbihi.

Miswada nayo ina haja ya rangi. Katika vitabu vingi vya mkono, vichwa vya sehemu au maneno ya matini yanayofafanuliwa huandikwa kwa wino mwekundu, na maelezo hujazwa pambizoni kwa kalamu nyembamba. Skrini ya rangi ya kijivu, kama ya Paperwhite, huufanya wekundu huo ukaribiane na weusi, na msomaji hupoteza alama aliyoikusudia mwandishi. Zipo skrini za rangi za wino wa kielektroniki, kama ile ya Kobo Libra Colour, lakini huonyesha nukta 300 kwa inchi kwa maandishi meusi na 150 tu kwa rangi. Tena ukikuza picha na kuisogeza huku na huku, skrini hizo huchelewa kujichora upya. Kwa miswada, mimi ningechukua tableti ya inchi 10 au 11 bila kusita.

Fundi wa simu, Mokowe

Naheshimu maneno ya Mtunza, ila boti haikuzingatiwa. Tableti humulika kutoka nyuma ya kioo, na jua la saa sita likiwaka juu ya maji mwanga huo huzidiwa, hata ukiuongeza hadi mwisho na kuimaliza betri. Skrini ya wino wa kielektroniki ina chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, kisha hukaa mahali pake bila kula chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu chaji hudumu kwa wiki kadhaa, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo maandishi yanavyosomeka. Liko pia suala la joto. Apple wenyewe wanaeleza kwamba iPad itumike katika hewa isiyozidi nyuzi 35, na juani ndani ya boti kifaa chenye kioo cheusi hupita hapo upesi, kikajizima.

Maji ya chumvi ndiyo yanayoniletea kazi nyingi zaidi. Paperwhite huelezwa kuwa inastahimili kuzama mita 2 katika maji baridi kwa dakika 60, lakini katika maji ya bahari ni mita 0.25 kwa dakika 3 tu. Kobo Clara BW nayo ina kiwango cha IPX8, yaani cha kustahimili kuzama majini. Kindle ile ya bei nafuu haina kinga hiyo, wala tableti nyingi hazina. Galaxy Tab S9 inayo, lakini bei yake ni ya juu. Kikirushiwa maji ya bahari kifaa chenye kinga, kisuuze kwa maji ya kunywa na ukiache kikauke kabisa kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu kutu ya tundu la chaji huanza hapo.

Mwalimu wa Faza

Mwalimu mwenzangu, ungetuambia saa zako nyingi huishia kwenye aina ipi kati ya hizo tatu. Kuhusu Kindle na Kobo, Kobo husoma EPUB moja kwa moja: unanakili faili kwa waya kutoka kwenye kompyuta na unaanza kusoma. Kindle hupokea EPUB kupitia huduma ya Send to Kindle, inayoigeuza faili kwa njia ya intaneti, la sivyo uigeuze mwenyewe kwa programu ya bure ya Calibre. Kwetu huku, ambako mtandao hukatika, tofauti hiyo ni kubwa kuliko wauzaji wanavyoionyesha.

Msomaji wa Langoni

Ahsanteni sana. Saa zangu nyingi ni za riwaya na makala. Miswada huifungua mara chache, na naweza kuitazama katika kompyuta ya shule. Naelemea Kobo, ila PDF bado zinanitia wasiwasi.

Mtunza miswada, Mkomani

Ikiwa miswada ina kompyuta, basi hoja yangu ya tableti inapungua nguvu, nami nakubali. Chukua Kobo, uweke ndani yake programu ya bure ya KOReader, ambayo hukata pambizo za PDF na huweza kupanga upya mistari ya ukurasa ili usomeke katika skrini ndogo. Majedwali huvurugika, lakini makala ya maelezo marefu husomeka vizuri. Ukipata nyongeza ya fedha kabla ya kununua, chagua Libra ya inchi 7 badala ya Clara, kwani inchi hiyo moja utaihisi kila ufunguapo PDF.