Laptopu yachemka na kuganda baada ya dakika 20, nisaidieni jamani

Binti wa Kibokoni
Assalaam alaykum. Nina laptopu ya mtumba, prosesa i5 ya kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, diski ni ile ya kuzunguka ya 500GB. Natengeneza kadi za harusi, na Mfungo Mosi, mwezi wa harusi baada ya Ramadhani, ndio huu, kazi zimeniandama. Nakaa chumba cha juu, mabati yako juu ya kichwa, panka lapuliza hewa moto tu.

Asubuhi nikiiwasha yaenda vizuri. Ikifika dakika 20 hivi, feni yaanza kulia kama cherehani, upande wa kushoto kiganja hakikai, kisha kila kitu chaganda. Naandika herufi, nahesabu mpaka 5 ndipo itokee. Juzi niko kwenye jina la bibi harusi, nalipanga kwa Kiarabu, kadi 300 zangojwa, ikajizima. Sikuwa nimehifadhi. Nililia, kwa maana kazi ile niliikesha.

Nilishaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kunipigia Windows upya kwa shilingi 1,500. Siku ya pili hali ikawa ile ile. Je, niiuze, ama niongeze RAM?

Kijana wa Likoni
Dada, weka RAM 16. Yangu ilikuwa nzito hivyo hivyo, nilipoongeza ikapona.

Fundi wa Majengo
Pole sana dadangu, hasa kwa hiyo kazi iliyopotea. Kabla sijasema kitu: ukifanya kazi waiweka wapi?

Binti wa Kibokoni
Kitandani, juu ya takia. Meza imejaa karatasi na bahasha.

Fundi wa Majengo
Basi toa takia leo hii. Matundu ya kuvutia hewa yako chini, na takia layaziba. Lakini sidhani kama ni hilo peke yake.

RAM usinunue bado. Mwenyewe umesema asubuhi yaenda vizuri. RAM ikiwa haitoshi, ungeona uzito pale tu unapofungua faili kubwa, hata mashine ikiwa baridi. Inayoanza vyema kisha ikalemewa, mara nyingi ni joto. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nyingi za Intel za laptopu mwisho wake ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo yajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na ikizidiwa yajizima. Kwa hivyo huko kuchemka na huko kuganda ni ugonjwa mmoja, na Windows mpya haiutibu.

Hakikisha kabla hujatoa senti. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha CPU, uandike kasi ya asubuhi. Ikianza kuganda, tazama tena. Ikiwa imeshuka kwenye 0.8 GHz na matumizi yako juu, ndiyo hiyo. Kuna chaja zisizo za asili ambazo nazo huishusha kasi, lakini hizo huanza toka unapochomeka, hazingoji dakika 20.

Ikishathibitika, ifunguliwe. Betri itolewe waya kwanza, na ukiikuta imevimba, usiiguse, mpe fundi. Wengi hupuliza kwa nje na kuona wamesafisha. Vumbi lenyewe hulala kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto nje, na ukipuliza kwa nje wazidi kulishindilia. Ni lazima feni ing'olewe. Wakati wa kupuliza feni ishikwe kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti ya zamani juu ya prosesa, ile ya kupitishia joto, ifutwe kwa spiriti, iwekwe mpya, kiasi cha punje ya mchele yatosha.

Mpaka siku hiyo, ingia Power Options, uweke Maximum processor state iwe 99%. Hapo ile kasi ya ziada ya prosesa haitawaka, na joto litapungua. Na hifadhi kazi kila dakika 5, tafadhali.

Binti wa Kibokoni
Nimerudi. Asubuhi ilisoma 2.7 GHz, ilipoganda ikasoma 0.79. Nilimwonyesha ndugu yangu, naye akanipeleka kwa fundi anayefungua mbele ya mteja.

Alipoing'oa feni, pale mbele ya mapezi palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, cha kijivu, kinene kama kidole. Alikitoa kwa kibanio kikatoka kizima. Kilikuwa na nywele, nyuzi za kanga, na kilinata. Nikakinusa, chanuka udi! Kwetu twafukiza kila Alhamisi jioni, na laptopu huwa iko papo hapo. Pesti ilikuwa imekauka, yapukutika kama chokaa ya ukuta.

Leo nimefanya kazi toka adhuhuri mpaka alasiri, jua la Kaskazi limewaka juu ya mabati, na haikupita nyuzi 76. Feni naisikia kwa mbali tu. Kadi 300 zimetoka.

Fundi wa Majengo
Alhamdulillahi. Sasa, ukishalipwa, badilisha hiyo diski uweke SSD, ile isiyozunguka. RAM 8 yakutosha. Na siku ya kufukiza, ifunike au uitoe chumbani.

Kijana wa Likoni
Na mimi nimeifungua yangu leo. Kipande kama hicho hicho.