Mita 60 ni za mama yangu na mchicha wake tu? Wanafukia mafunjo ya ghuba yetu usiku

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanivumilia.

Saa hizi ni saa nane kasoro usiku. Tangu saa nne nimehesabu tipa kumi na moja. Zinashuka mtaani kwetu taa zimezimwa, zinamwaga kifusi kwenye mafunjo, zinapanda tena. Ni hapa hapa Mwanza, kwenye moja ya hizi ghuba zetu. Mtaa siutaji kwa sababu bado naishi hapo na mama yangu.

Nianze na huyo mama. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na matuta manne ya mchicha na chainizi karibu na maji. Wakaja watu na futi na kopo la rangi nyekundu. "Mama, hapa uko ndani ya mita 60, ondoa." Sheria ipo, sibishi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mama akang'oa mboga zake mwenyewe. Jirani anayeanika dagaa akabomoa vichanja. Hakuna aliyepiga kelele. Na nisiwe mwongo, mafunjo yalirudi. Mwaka haukuisha yakawa yameshafika kwenye matuta ya mama, yangeyange wanalala humo mpaka majani yanainama.

Sasa nendeni mkaone. Pale pale palipokuwa na mchicha kuna uzio wa mabati na kijiko kimepaki. Hoteli, wanasema. Jumapili nilichukua futi ya fundi, ile ya mita 5, nikaanzia kwenye maji. Nilipima mara nne na kipande nikawa nimegonga kifusi. Mita 22! Mlinzi akaniangalia kwa huruma: "Kaka, mimi nalinda mabati tu. Hayo ya mita kaulize ofisini."

Nikaenda ofisini. Ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakaniambia wananchi wameridhia na saini zipo. Wakanionyesha. Wakuu, ile karatasi naijua! Ni mahudhurio ya mkutano wa mtaa wa mwaka jana, mkutano wa taka na mitaro, tulipewa soda. Jina langu ni la kumi na nne, na chini yake kuna dole gumba la mama, limekwenda upande kwa sababu meza ilikuwa inacheza. Kichwa cha habari tu ndicho kimebadilika, sasa tumeridhia mradi. Nikaomba nipige picha, karatasi ikarudi kwenye droo.

Halafu kuna wale wa "hilo ni pori la mbu tu". Ndugu yangu unayesema hivyo, sato unampenda? Mzee mmoja hapa jirani, kavua tangu kijana, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, hapo ni leba." Samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi ya mafunjo hadi wapate nguvu ya kutoka. Na furu je, wale samaki wadogo wa ziwa letu? Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu kwa aina nyingi mno. Baadhi ya waliobaki walipona kwa kukimbilia kwenye mafunjo, maana maji ya humo yana hewa kidogo na sangara hayawezi. Kambale na kamongo wao wanayaweza. Jumatano kijiko kilizoa tope, kamongo wawili wakadondoka pamoja na udongo, mmoja mrefu kama mkono wangu, anajipinda juu ya vipande vya matofali. Watoto wakamtia kwenye ndoo. Kuna na yule ndege mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa njano, anayekaa ndani ya mafunjo na hahamii kwenye mwembe wa mtu. Wiki hii sijamsikia.

Tena hayo mafunjo ndiyo yanachuja maji machafu yanayoshuka kutoka milimani huku kwetu. Mvua ikinyesha mnaona wenyewe rangi ya maji yanayoingia ziwani.

Kichekesho ni kwamba hata huyo mwekezaji anajichimbia kaburi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka tukatembea na viatu mkononi, na 2024 likapanda tena. Hapo anapomwaga kifusi palikuwa maji ya magoti. Wazee wanakumbuka na lile la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Likipanda tena, maji ambayo yangetulia kwenye mafunjo yatakwenda wapi? Kwa mama yangu, nyumba ya tatu kutoka hapo.

Najua atakuja mtu hapa chini kusema tunapinga maendeleo. Daraja la Kigongo–Busisi limekatiza ziwa kilomita 3, nani alilipinga? Tulishangilia. Hoteli ijengwe, viwanja vipo juu huko kwenye mawe, na mandhari nzuri kuliko huku chini. Wageni wenyewe wanakuja kuvuka kwenda Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, waone pimbi na ndege. Warudi kulala juu ya viota vilivyofukiwa?

Ninachotaka kujua ni kimoja. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 81, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Nimeiomba ripoti mara mbili kwa mdomo, mara moja kwa barua, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Kimya. Kama kuna mwanasheria humu, au mtu aliyewahi kuomba zuio la mahakama kwa jambo la aina hii, anieleze naanzia wapi na gharama zikoje. Tumeshaanza kuchangishana, wauza dagaa ndio wametoa wa kwanza.

Picha za karatasi sina, za kifusi nitaweka kukikucha. Simu yangu usiku haioni kitu.

Ya kumi na mbili hiyo inashuka.