Kwadi ya tustroki inasoma kompresheni 70: nifungue injini au geji inanidanganya?

MchangaWaMjimwema

Habari za jioni wakuu. Nina kwadi (pikipiki ya magurudumu manne), Yamaha Blaster, tustroki ya cc 195, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, ile inayopozwa kwa upepo. Ilishuka na kontena la mtumba, na karatasi zake hazisemi lolote kuhusu injini. Naiendesha huku Kigamboni, njia za mchanga kuanzia Mjimwema kuelekea Gezaulole.

Asubuhi ikiwa ya baridi inawaka bila ugomvi mkubwa. Ikishapata moto halafu ukaizima, ndiyo basi tena. Utapiga kiki mpaka goti liume, haiwaki hadi isukumwe, na ukiingia mchanga mzito inakata pumzi. Moshi mweupe ni mwingi, plagi inatoka imelowa. Halafu oili ya giaboksi inapungua, wakati chini sakafuni hakuna hata tone.

Fundi wangu ni wa bodaboda, mtu mwaminifu, ila amezoea foostroki, zile injini za bodaboda zisizochanganywa oili na petroli. Alipima kompresheni (nguvu ya mbano ndani ya silinda) kwa geji ya gari yenye mpira mrefu, ikasoma psi 70. Anasema pistoni na ringi vimekwisha, niagize. Kabla sijatoa hela naomba mawazo ya wanaozijua hizi injini. Pampu ya oili niliikuta imeshatolewa, kwa hiyo nachanganya mwenyewe: mililita 160 kwa lita 5 za petroli.

BodaWaTabata

70 hiyo marehemu mkuu. Funga pistoni mpya na ringi mpya, maisha yaendelee.

FundiBoti_Kunduchi

Ndugu yangu wa Mjimwema, mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kunduchi. Tustroki ndizo zinazonilipia kodi. Huyo anayesema funga pistoni huenda hajakosea, lakini pistoni haijifii yenyewe. Ukiweka mpya bila kujua ya zamani iliuliwa na nini, mwezi hautaandama mara mbili kabla hujarudi hapa kuuliza swali hilihili.

Tuanze na geji, maana hiyo 70 siiamini. Injini yako ni ndogo. Pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki kwenye hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ni ndogo sana. Sasa geji ya gari ina mpira mrefu, na zile za bei rahisi kinyusi chake (kinafanana na cha tairi) kimekaa huku juu kwenye saa. Maana yake upepo uliomo ndani ya mpira wote unahesabika kama sehemu ya hedi. Kwenye injini ya gari huwezi kugundua tofauti, kwenye kwadi inakuibia psi nyingi. Tafuta geji yenye kinyusi kwenye ncha, pale inapoingia tundu la plagi. Angalia na urefu wa uzi wa adapta, kile kipande cha geji kinachofungwa kwenye tundu la plagi: plagi ya Blaster ni B8ES, uzi wake milimita 19. Adapta fupi inaacha shimo tupu, nalo linashusha namba.

Halafu namna ya kupima. Washa ipate joto, toa plagi, iunganishe na kofia yake na uigusishe kwenye chuma cha injini ili CDI (kiboksi cha umeme wa cheche) isiungue. Choki iwe imezimwa, gesi ivutwe mpaka mwisho na ishikiliwe hapohapo. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanapiga kiki gesi imefungwa, injini haipati hewa ya kubana, wanaishia kulaumu ringi. Piga kiki za nguvu mpaka mshale ugome kupanda.

Injini hii ikiwa nzima nategemea 115 hadi 130. Chini ya 100 jiandae kuifungua, chini ya 90 hiyo tabu yako ya kuwasha ikiwa ya moto ni haki yake. Namba hizo ni za hapa Dar, usawa wa bahari. Jamaa yangu alihamia Mbeya na mashine yake, mita 1,700 huko, akanipigia simu analia kompresheni imeshuka. Nikamwambia kilichoshuka ni hewa ya Mbeya.

Kumimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena, kama wafanyavyo kwenye gari, huku hakukupi jibu la uhakika. Tustroki hata nzima inapanda ukiilowesha. Ila isipopanda kabisa, geukia gasketi ya hedi.

Bora zaidi toa ekzosi umulike kwa tochi kwenye tundu lake, kisha toa kabureta na ridi (vilimi vya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa) uangalie upande wa pili. Pistoni inajieleza yenyewe. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi ni joto: mafuta machache, hewa inaingia mahali, au oili haikutosha. Ikiwa imefifia kama imepigwa msasa upande wa kabureta, huo ni mchanga, na mchanga umepita kwenye filta. Kwa njia zako za Gezaulole, mimi naweka dau kwenye mchanga.

Hiyo oili ya giaboksi ni ugonjwa mwingine kabisa. Kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kuna sili, mpira wa kuzuia oili, upande wa klachi. Ikichoka, krenki inanyonya oili ya gia na kuichoma, ndiyo moshi wako. Pistoni mpya haitaugusa huo moshi.

Kabla hujafungua chochote, pima kwa upepo. Ziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta kwa vipande vya tyubu, rudisha plagi, teremsha pistoni chini kabisa, kisha jaza upepo usiozidi psi 6. Ukizidisha unazing'oa sili mwenyewe. Kama huna pampu ya kazi hiyo, azima mashine ya kupimia presha ya mzee nyumbani: 300 kwenye saa yake ni karibu psi 5.8. Subiri dakika 5 au 6. Mshale ukishuka, pakaa povu la sabuni kila kiungo, na nyuma ya flaiwili (gurudumu zito lililo upande wa pili wa krenki). Kwa sili ya klachi, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia, tandaza povu mdomoni. Likivimba, umeshampata mwizi.

DadaWaLethi_Gerezani

Naongezea la upande wangu, nachonga silinda Gerezani. Blaster ina silivu (bomba la ndani ya silinda) ya chuma, kwa hiyo inachongeka: kutoka kipenyo cha milimita 66 unakwenda 66.25, 66.50 na kuendelea. Wateja wananiletea silinda wakisema "chonga moja", yaani saizi moja juu, pistoni bado iko njiani. Sichongi. Leta pistoni mkononi niipime, na karatasi yake inayosema iachiwe nafasi kiasi gani.

Na jamani, ukimaliza kuchonga, kingo za matundu ya ekzosi na ya kupitishia mafuta lazima zipigwe faili kidogo ziwe butu. Kwa foostroki hakuna jambo hilo, ndiyo maana baadhi ya mafundi wanalisahau. Ringi inaponasa kwenye kingo kali inakatika siku hiyohiyo.

MchangaWaMjimwema

Nimerudi. Geji nzuri niliazima kwa jamaa wa Mbezi, gesi imevutwa yote: 92. Pistoni upande wa ekzosi ina mistari hafifu tu, upande wa kabureta imefifia kweli, haing'ai hata kidogo. Na ndani ya boksi la filta, baada ya sponji, kuna mchanga. Mashine ya presha ya mama imefanya kazi (ameuliza inapimwa presha ya nani). Saa ilishuka haraka na povu likavimba kwenye kifuniko cha oili ya gia. Upande wa flaiwili pakavu.

FundiBoti_Kunduchi

Safi sana, na mama mwambie mgonjwa atapona. Sasa fungua. Toa ringi ya zamani, iingize kwenye silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye pengo kati ya ncha zake mbili. Ringi mpya kwa silinda ya 66 huwa kama milimita 0.2 hadi 0.35. Kama fila ya 0.6 inapenya bila kugusa, zimekwisha. Silinda mpelekee dada wa Gerezani aipime juu, katikati na chini, pande zote mbili, asije akachonga kitu ambacho ringi peke yake ingetosha. Kwa mchanga uliousema sitegemei hivyo, ila ipimwe.

Sponji ya filta ioshe, ikauke, uilowanishe oili ya filta na upake grisi ukingoni inapokaa. Na oili unayochanganya ni ipi? Kama ni ile ya TC-W3 tunayotia kwenye boti, iache. Boti inapozwa na maji ya bahari, wewe unapozwa na upepo wa Kigamboni. Nunua iliyoandikwa JASO FC au FD (madaraja ya oili ya tustroki), kipimo chako cha 160 kwa lita 5 kibaki hivyohivyo.

MchangaWaMjimwema

Ni hiyohiyo ya boti, niliuziwa Feri. Swali la mwisho: sili naagiza kwa jina gani?

FundiBoti_Kunduchi

Usiagize kwa jina. Itoe, ifute, usome namba ubavuni: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Nenda nayo mkononi kwenye maduka ya sili Kariakoo, uombe ya kuhimili joto na mafuta. Nunua na ya upande wa flaiwili hata kama ni pakavu, umri wao ni mmoja.