Wauzaji wa Dar mnaotuma mizigo Kusini: tundu la hedifoni SI laini-auti! Acheni kutudanganya

Wakuu, salaam.

Naandika kutoka Mtwara mjini na nimekasirika kwelikweli. Wasimamizi, nawaomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "ninunue pleya gani". Siulizi cha kununua. Nalalamikia uongo unaoandikwa kwenye matangazo ya pleya, vile vifaa vidogo vya kuchezea muziki, tena na watu wanaojua fika wanachouza.

Kisa chenyewe hiki hapa. Ninazo hedifoni za Beyerdynamic DT 880, zile za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikiwa nyingi hedifoni zinataka volti zaidi), na ninayo amplifaya ndogo ya kuchaji, ya kubeba mfukoni. Kilichokosekana ni pleya ya kuunganisha nayo. Duka moja la Kariakoo likatangaza pleya, na kwenye tangazo wameandika wenyewe: "laini-auti ipo", yaani tundu la kutolea sauti ambayo haijakuzwa. Sikukurupuka. Nilimpigia muuzaji nikamuuliza kama ni laini-auti ya kweli au ni tundu la hedifoni. Akanijibu kwa kujiamini, "Bosi, hiyo laini-auti kabisa, funga amplifaya yoyote unayotaka." Nikatuma hela, mzigo ukapanda basi.

Mzigo umefika, pleya ina tundu moja. Moja tu, na limechorwa alama ya hedifoni! Nimepekua setingi zote, hakuna mahali pa kubadilisha. Ukipunguza sauti kwenye pleya, kwenye amplifaya nako inapungua. Ukipandisha pleya hadi mwisho, besi inaanza kukwaruza. Ukiishusha pleya ukaongeza kwenye amplifaya, unasikia shhhh chini ya kila wimbo, na mwimbaji anaponyamaza ukabaki na gitaa peke yake ndipo inapokera zaidi. Nampigia muuzaji, ananiambia amplifaya yangu ndiyo mbovu. Amplifaya hiyohiyo nikiiunganisha na deki ya CD ya nyumbani, kwenye matundu yake ya nyuma ambayo ni laini-auti, inatulia kabisa, haina hata chembe ya kelele. Nilipomtumia picha, tangazo likafutwa na namba yangu ikazuiwa.

Kwa mnaojiuliza mtu mzima anapigaje kelele kwa ajili ya tundu, nieleze. Ndani ya pleya kuna chipu inayobadili faili kuwa mawimbi ya umeme, ile inayoitwa DAC. Baada yake kuna amplifaya ndogo ya ndani, iliyowekwa kusukuma hedifoni ndogo za masikioni za omu 16 au 32. Laini-auti huiruka hiyo amplifaya ya ndani na kukupa sauti kwa kiwango kisichobadilika, ili kazi ya kukuza ifanywe na amplifaya moja tu, ile uliyoigharamia. Tundu la hedifoni linakupa sauti ambayo tayari imeshakuzwa. Ukiipeleka kwenye amplifaya ya pili unakuza mara mbili, na uchafu wote ulioongezwa na ya kwanza unakuzwa pamoja na muziki. Hakuna amplifaya, hata ya mamilioni, inayoweza kuuchuja uchafu huo baadaye.

Sisemi kwamba tundu la hedifoni ni haramu. Sansa Clip za SanDisk hazina laini-auti, lakini tundu lake la hedifoni ni safi, wapo wengi walioifunga kwenye amplifaya wakaridhika. Sawa, mtu huyo amenunua akijua anachokinunua. Mimi nimeuliza, nikajibiwa uongo, nikalipa bei ya kitu ambacho hakimo.

Najua atakuja mtu hapa kusema "si utumie simu tu". Mkuu, piga hesabu kwanza. DT 880 ya omu 250 inatoa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1, na miliwati 1 kwenye omu 250 inataka volti 0.5. Muziki unapopanda ghafla kwa desibeli 10 juu ya hapo, inahitajika miliwati 10, yaani volti 1.6 hivi. Simu nyingi zenye tundu la hedifoni haziwezi kuzifikia volti hizo. Ndiyo maana nikanunua amplifaya! Halafu simu ikikaa karibu na amplifaya na mtandao ukashuka hadi 2G, jambo la kawaida ukitoka mjini kwenda mashambani, ule mlio wa tri-ti-ti unaotangulia simu kuita unaingia moja kwa moja masikioni. Nataka kifaa cha muziki kisichopigiwa simu na mtu.

Kuna uongo mwingine unaozunguka sana huku, nao ni kwamba iPod yoyote, zile pleya za Apple, ina laini-auti. Si kweli. Zenye laini-auti ni zile zenye tundu pana la pini 30 kwa chini, lililoanza na kizazi cha tatu mwaka 2003, na lazima upate waya maalumu wa kuchomeka hapo. iPod shuffle hazina tundu hilo. Mwaka 2012 Apple walipoleta tundu dogo la Lightning, laini-auti ya analogi ikaondoka nalo lile la zamani, kwa hiyo iPod nano ya kizazi cha saba na iPod touch ya kizazi cha tano hazikusaidii. Na iPod classic iliachwa kutengenezwa mwaka 2014. Ukiona mtu anakuuzia classic "mpya kwenye boksi", muulize betri ni ya lini na nani amelifungua. Mimi sina ugomvi na vitu vya mtumba, ugomvi wangu ni na anayeficha umri wa kitu.

Kwa upande wa pili, kuna pleya kama FiiO X1 ambayo tundu ni moja na linafanya kazi zote mbili, unachagua kwenye setingi liwe la hedifoni au laini-auti. Ndiyo maana sikumrukia muuzaji nilipoona tundu moja. Nilitafuta kwanza. Hakuna kitu.

Na kadi aliyoniwekea kama zawadi, "GB 256 imejaa nyimbo za FLAC", yaani faili za muziki zisizopunguzwa ubora? Nimeipima kwa programu ya H2testw, ukubwa wake halisi haufiki hata robo ya huo. Hizo nyimbo nazo nimezifungua kwenye Spek, programu inayoonyesha masafa ya sauti: yamekatwa kwenye kilohezi 16, dalili ya kawaida ya MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde zilizogeuzwa kuwa FLAC. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kilichotupwa wakati wa kutengeneza MP3 hakirudi kwa kuligeuza faili.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi wauzaji hawa wanavyoutegemea umbali wetu. Mteja wa Ilala au Temeke akidanganywa, kesho yake yuko dukani mlangoni na risiti yake. Mimi niliye Mtwara, au mwenzangu wa Lindi, Masasi, Newala, naambiwa "lete dukani tuiangalie". Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500! Nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na kazi nimeziacha kwa nani? Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kule Kilwa na Kusini nzima tukabaki tunatazamana. Wanajua kabisa kwamba wengi wetu tutaishia kulalamika nyumbani. Halafu Oktoba ikifika, minada ya korosho ikianza, wanatukumbuka, matangazo ya "ofa kwa ndugu zetu wa Kusini" yanajaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mkulima wa Tandahimba amesubiri malipo yake kupitia stakabadhi ghalani, ampe hela hizo mtu anayemuuzia tundu lenye jina la uongo? Hapana.

Na wasidhani kwamba hili ni suala la "mteja msumbufu". Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Mazungumzo yote ninayo, risiti ya muamala ninayo, picha ya tangazo niliipiga kabla halijafutwa. Naandaa malalamiko kwa maandishi, na yeyote aliyeuziwa kwa maneno hayohayo naomba tuungane, malalamiko ya wengi yana uzito.

Wauzaji mnaosoma hapa, na najua mnasoma: ukiandika laini-auti, weka picha ya tundu lenyewe, si picha ya boksi. Kama inachaguliwa kwenye setingi, piga picha skrini ikiwa kwenye setingi hiyo. Kama hujui, andika kwamba ni tundu la hedifoni tu. Wapo watakaonunua hivyohivyo, mimi ningeheshimu duka la namna hiyo hata kama lisingekuwa na ninachotaka. Na mzigo unaokwenda mkoani uwe na siku za kurudishwa, nauli ya kuurudisha ailipe aliyedanganya.

Wanunuzi wenzangu, kabla ya kutuma hata shilingi mwambieni muuzaji apige video fupi: pleya imeunganishwa na amplifaya, wimbo unacheza, yeye anabonyeza kitufe cha sauti cha pleya kupunguza. Laini-auti ya kawaida haibadiliki hata akibonyeza mpaka kidole kianze kuuma. Akikataa kupiga hiyo video, kaa na hela yako.

Mwisho kabisa, pleya bado naihitaji. Aliye Lindi, Mikindani, Masasi au hapa mjini, mwenye X1 au iPod classic na waya wake wa pini 30 anayotaka kuiuza, aniandikie ujumbe binafsi. Nitakuja mwenyewe na hedifoni zangu na amplifaya, tujaribu hapohapo, ikiwa sawa nalipa papo hapo.