Filamu za Bakhtyar Khudojnazarov: vita vya Tajikistan viko wapi ndani yake?

MpendaPicha anauliza:

Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu cha kutazama na kujadili filamu kimekubaliana kushughulikia kazi za Bakhtyar Khudojnazarov, mwongozaji aliyezaliwa Dushanbe mwaka 1965, akasomea uongozaji katika chuo cha VGIK mjini Moscow, na kufariki Berlin mwaka 2015. Mimi nimekwisha kutazama Kosh ba kosh ya mwaka 1993 na Luna Papa ya mwaka 1999, na kuna jambo linanisumbua. Tajikistan ilijipatia uhuru Septemba 1991, na kabla mwaka haujatimia ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, hadi mapatano ya amani yalipotiwa saini Juni 1997. Hata hivyo, filamu ya kwanza ni kisa cha mapenzi, na ya pili ni kisa cha kuchekesha cha binti anayeitwa Mamlakat, aliyepata mimba usiku wa mbalamwezi kwa mwanamume aliyejitia kuwa mwigizaji, kisha baba yake na kaka yake wakaanza kumsaka mhusika kwenye majumba ya michezo ya kuigiza. Je, mwongozaji huyu alikuwa anavikwepa vita vya nchi yake? Na kwa kikundi ambacho hakijawahi kuona filamu yoyote ya Asia ya Kati, tuanze na ipi?

Bint Hamadi anajibu:

Ndugu MpendaPicha, kwa maoni yangu hakuvikwepa hata kidogo, ila alikataa kuviweka mahali ambapo mtazamaji amezoea kuviona. Kosh ba kosh ilipigwa Dushanbe kwenyewe wakati mapigano yanaendelea, na ukiitazama tena nakushauri usikilize zaidi kuliko kuangalia. Mira amerudi kutoka Moscow na kukuta baba yake ni mcheza kamari aliyezama kwenye madeni. Daler, kijana anayeendesha vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya juu ya mji, anampenda. Na huku hayo yakiendelea milio ya risasi inasikika ng'ambo, watu wanapangilia siku yao kwa kufuata amri ya kutotoka nje usiku, na hakuna anayesimama kueleza nani anampiga nani. Watu waliowahi kuishi karibu na mapigano watakuambia ndivyo yanavyokuwa, kwamba deni bado linadaiwa, chakula bado kinapikwa na watu bado wanapendana. Kile kigari kinachoning'inia hewani, kikiwa juu ya mji lakini hakiwezi kuondoka mjini, kinatosha kueleza hali ya vijana wale bila mhusika yeyote kutoa hotuba. Jopo la tamasha la Venice liliipa filamu hiyo tuzo ya Simba wa Fedha mwaka ule ule wa 1993.

Kuhusu Luna Papa, kumbuka pale Mamlakat anapokwenda kwa daktari ili aitoe mimba. Kabla kazi haijaanza, risasi iliyopotea njia inamuua daktari yule, na msichana anaondoka na mimba yake. Katika simulizi nyingine tukio hilo lingekuwa kilele cha msiba, lakini hapa linapita haraka na maisha yanasonga mbele, na ni huko kupita haraka ndiko kunakonitisha. Kumbuka pia kwamba kaka yake, Nasreddin, akili yake iliharibiwa na vita vya Afghanistan. Kwa hiyo katika nyumba moja tunaye kijana aliyevunjwa na vita vilivyotangulia, na mtoto ambaye hajazaliwa, naye ndiye anayetusimulia hadithi nzima. Sioni ukwepaji hapo.

Mzee wa Reli anajibu:

Naafikiana na Bint Hamadi kwa sehemu kubwa, ila ningependa kikundi chenu kianze nyuma zaidi, na Bratan ya mwaka 1991, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe aliyoitengeneza akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ndugu wawili, Farrukh na mdogo wake Azamat, wanasafiri kwa treni kwenda kwa baba yao, daktari anayeishi mbali; yule mkubwa amechoka kulea na anataka kumwacha mdogo huko. Azamat ana tabia ya kula udongo, na kamera haimcheki wala haimhurumii, inamtazama tu akitafuna. Ukishaiona filamu hiyo utaona kwamba mwongozaji huyu aliwaza kwa vyombo vya usafiri. Hapa ni treni, katika Kosh ba kosh ni vigari vya kwenye nyaya, katika Luna Papa ni ndege, na katika Waiting for the Sea, iliyofungua tamasha la filamu la Roma mwaka 2012, ni meli iliyoachwa jangwani baada ya bahari kukauka, na nahodha wake anayeikokota mchangani akiifuata bahari. Aliizungumzia nchi iliyokatika kutoka katika dola kubwa, yaani Muungano wa Kisovieti, kwa kuonyesha watu wanaojaribu kufika mahali kwa chombo kisichotosha, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kuonyesha wanajeshi.

Kamera Moja anajibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Luna Papa ilitengenezwa kwa fedha za nchi kadhaa, zikiwamo Ujerumani, Austria, Uswisi na Japani, nafasi ya Mamlakat ikachukuliwa na Chulpan Khamatova wa Urusi na ile ya Nasreddin na Moritz Bleibtreu wa Ujerumani. Uigizaji wao ni mzuri mno, silikatai hilo, lakini naona kijiji kile kimepambwa ili kimpendeze mtazamaji wa mbali, na ng'ombe dume anapoanguka kutoka angani na kumuua baba pamoja na mchumba siku ya harusi, maajabu yanaanza kufunika maumivu. Linganisheni na Angel on the Right ya Jamshed Usmonov ya mwaka 2002, iliyopigwa Asht, kijijini kwao mwongozaji, ambamo mama yake mzazi na kaka yake ndio waigizaji wakuu. Mwanamume ametoka gerezani Moscow na kurudi kwa mama anayesemekana yu karibu kufa, na mama huyo anachotaka ni mlango wa nyumba upanuliwe ili jeneza lake lipate kupita. Hakuna ajabu lolote hapo, ni mlango na madeni ya kijiji, na nchi nzima inaonekana.

Jambo lingine dogo: msimchanganye Bakhtyar Khudojnazarov na Davlat Khudonazarov, mpiga picha na mwongozaji wa rika la juu yake kutoka Pamir, aliyegombea urais wa Tajikistan mwaka 1991 na kushindwa na Rahmon Nabiyev. Majina yanakaribiana, na nimeona watu wakiwapachika wote wawili filamu moja.

MpendaPicha anajibu:

Ahsanteni sana. Hoja ya Kamera Moja juu ya mapambo naiona nzito, ila tukio la daktari alilolitaja Bint Hamadi linanizuia kuikubali yote, maana pale hapakupambwa kitu. Nitapendekeza tuanze na Bratan, kisha Kosh ba kosh, halafu Luna Papa na Angel on the Right zitazamwe wiki moja ili wanakikundi wabishane wenyewe. Je, Waiting for the Sea iingie mwishoni, au inahitaji mtu ajue kwanza habari za bahari ya Aral?

Mzee wa Reli anajibu:

Iwekeni mwishoni, na kabla ya kuianza waelezeni kwa dakika chache kwamba mito ya Amu Darya na Syr Darya, iliyokuwa ikiijaza bahari ya Aral, ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba tangu miaka ya 1960, ndiyo sababu meli za kweli zilibaki zimelala mchangani. Yaliyobaki filamu itajieleza yenyewe.