Skripti ya bash, Make au CMake: kipi kitanipangia .c na .o?

Zabibu_C
Wakuu, heshima kwenu. Nina programu ya C ya mizani ya ghala la alizeti, faili 46 za .c (msimbo ninaouandika) zimetawanyika kwenye `src/mizani`, `src/risiti` na `src/ripoti`. Najenga kwa skripti ya bash. Nikigusa mstari mmoja inakompaili zote upya, na .o zote (faili zinazotoka kwenye kompaila) zinarundikwa `obj/`. Jana `kazi.o` ya risiti iliifunika `kazi.o` ya mizani, linka (inayounganisha .o kuwa programu) ikadai haioni funksheni ambazo mimi naziona kwa macho yangu. Nihamie Make au niruke hadi CMake, zile zana za kusimamia ujenzi wa programu?

Nkuhungu_Bash
Usihame mkuu. Tia `mkdir -p`, obj iwe na folda zilezile za src, kisha pima kwa `-nt` kama .c ni mpya kuliko .o. Mistari mitano tu.

DadaMakefile
Na akibadili `mizani.h`, faili la maelezo ambalo .c nyingi zinalisoma, je? Wewe unaangalia .c peke yake. Nilishawahi kuongeza kitu kwenye struct (muundo wa data) ndani ya .h, nusu ya programu ikaiona ina baiti 16, nusu 24, uzito wa gunia ukawa vituko. Nilikesha. Make ipo tangu 1976 na hili inalimaliza:

```
obj/%.o: src/%.c
	mkdir -p $(@D)
	gcc -MMD -MP -c $< -o $@
-include $(OBJ:.o=.d)
```

`OBJ` ni orodha ya .o zako. `-MMD` inaandika faili la .d kando ya kila .o, likitaja .h zako zote zilizotumika (za mfumo haizitaji). Amri zianze na TAB, ukiweka nafasi itakugomea.

Kisasa_Dev
Mwenye ghala anatumia Windows? Kama ndiyo, CMake. `cmake -S . -B build` (toleo 3.13 kwenda juu), src inabaki safi, `kazi.c` mbili hazigongani, .h zinafuatiliwa bila wewe kuhangaika. Ila orodhesha faili kwa mkono. Ukitegemea GLOB (CMake ijikusanyie faili yenyewe), faili jipya halionekani mpaka uiendeshe cmake tena.

Zabibu_C
Dada, Make imekubali, folda zimekaa sawa. Lakini umeme umekatika, nimewasha, nimehariri `risiti/kazi.c`, Make inasema hakuna cha kufanya!

DadaMakefile
Andika `date` utuambie.

Zabibu_C
Duh. Mwaka 2009.

DadaMakefile
Betri ya madabodi imekufa. Make inalinganisha saa za faili tu, na .c yako sasa ni "nzee" kuliko .o.

Nkuhungu_Bash
`-nt` nayo ingedanganyika, nakiri.

Kisasa_Dev
Hata CMake. Yenyewe haijengi, inatengeneza Makefile au faili za Ninja (zana nyingine ya kujenga kama Make), na hizo zote zinatazama saa.

Zabibu_C
Betri nimeipata kwa fundi saa, Majengo. Nimerekebisha tarehe, nimefuta `obj/` yote, nikaiokoa `risiti/kazi.c` kwa `touch`, inayoipa faili saa ya sasa. Nabaki na Make. Mwenye ghala akidai ya Windows nitamsumbua Kisasa_Dev.